Bingwa wa Kusimama: Zulma wa Mto Leie

Treni ilikuwa haijasimama vizuri Sidonie Vandecasteele aliporuka chini na baiskeli begani. Jukwaa lilikuwa na utelezi wa barafu. Akapepesuka, akadaka nguzo ya taa, na wapita njia wakageuka kumtazama mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani, amekumbatia nguzo kama mlevi wa Jumamosi.

"Dada, pole pole! Huyo si ng'ombe, ni baiskeli!" mdogo wake alimpigia kelele kutoka mlangoni mwa behewa.

"Angekuwa ng'ombe angetembea mwenyewe. Wewe shuka na vikapu, na mkate usiusahau."

Zulma akashuka na vikapu viwili, pampu imechomekwa kiunoni kama kisu cha mchinjaji. Alikuwa na miaka ishirini, mfupi, mabega mapana, na mapaja ambayo fundi cherehani wa Kortrijk aliyapima, akatikisa kichwa, akayapima upya. Sidonie alikuwa amemzidi miaka tisa na kichwa kizima. Hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji yao.

Mchukuzi mmoja akawasogelea, akasema maneno matatu ya Kifaransa, akanyoosha mkono kwenye baiskeli. Sidonie akageuza bega.

"Anataka nini huyu?"

"Anataka kukusaidia, dada."

"Mwambie hii haishikwi na kila mtu."

Wakatoka nje kwenye matope ya theluji, wakashika njia ya kwenda kwenye ukumbi wa mashindano. Zulma alitembea mbele akipiga mluzi. Sidonie alimfuata nyuma na mzigo wake, na moyo wake haukupiga mluzi hata kidogo, kwa sababu alikumbuka neno alilosema baba yao jikoni wiki iliyopita.

Mzee Ivo Vandecasteele alikuwa mlowesha kitani. Kazi yake ilikuwa kuyazamisha mafungu ya kitani katika mto Leie mpaka yaoze na nyuzi zijiachie, na harufu ya kazi hiyo ilimfuata kanisani, baa, na kwenye banda la njiwa wake wa mashindano. Siku hiyo Padri Constant alikuja tena kulalamika juu ya suruali anazovaa Zulma akiendesha. Ivo akamkaribisha maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akagonga meza.

"Naapa mbele yako, Padri, uwe shahidi. We Zulma, Jumapili ukishinda, nenda na huyo Mwingereza wako mpaka bahari iishe. Ukishindwa, Jumatatu uko kiwandani pamoja na dada yako, na hicho chuma namrudishia Remi mhunzi akafulie jembe."

"Na suruali?" Padri akauliza.

"Suruali nazo kiwandani. Atafutia mashine."

Padri akakohoa ndani ya maziwa yake. Zulma akasema, "Sawa, baba," kwa haraka kama mtu aliyeogopa mzee atabadilisha mawazo. Na Ivo si mtu wa kubadilisha mawazo. Njiwa wake walijua hivyo, na binti zake pia.

Mwingereza mwenyewe aliitwa Pargeter. Alikuwa anakusanya wanawake waendesha baiskeli kutoka nchi mbalimbali ili awapeleke London, na kutoka London wavuke Atlantiki. Zilikuwa enzi za mwanzo za mchezo huo. Mwanamke juu ya baiskeli alijaza ukumbi kuliko simba ndani ya kizimba. Nafasi ilibaki moja. Wanaoitaka walikuwa wawili, na siku ya kuamua ilikuwa kesho.

Zulma hakuzaliwa na baiskeli. Akiwa na miaka kumi na miwili aliingia kiwanda cha kitani, akameza vumbi lake kwa miaka minne, akakohoa kama wenzake wote. Kisha Remi mhunzi akaunganisha vyuma chakavu vya baiskeli tatu zilizokufa, akapata moja iliyo hai, na hakumpata mwanamume wa kuijaribu kwa sababu wote waliona itavunjika. Zulma akaipanda akitoka kazini, sketi ameifunga kwa kamba ya kitani. Haikuvunjika. Alipita mbele ya kanisa, akapita mbele ya baa mbili, akarudi, akapita tena, na wanywaji wakatoka nje na glasi zao kushangilia.

Mwaka uleule, kwenye sherehe ya mtakatifu wa kijiji, kulikuwa na mashindano ya wasichana na zawadi ilikuwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Zulma alilichukua. Mtoto wa mchinjaji akasema kwa sauti kwamba wasichana hawana mbio, wana bahati. Zulma akamwambia, "Njoo basi na bahati yako." Wakazunguka kijiji, na yule kijana akamaliza akiwa ndani ya mtaro wa bata. Tangu hapo ikawa kila Jumapili ya majira ya joto: Kortrijk, Tielt, Deinze, kisha uwanja wa saruji wa Ghent, ambako walimpa jina Shoka la Leie kwa namna alivyokuwa akikata mzunguko wa mwisho.

Na kila mahali Sidonie alikuwepo. Kazi yake ilikuwa kumshika. Baiskeli za mbio za uwanjani hazina breki, pedali zake huzunguka na gurudumu bila kupumzika, na miguu ya mwendeshaji hufungwa kwa mikanda ya ngozi. Kwa hiyo mtu hawezi kuanza peke yake bila kuanguka. Lazima awe na mtu wake wa kumshikia kiti, asimame wima, mpaka bastola ilie. Ikilia, mshikaji anasukuma na kuachia. Mbio zikiisha, mshikaji anamdaka. Sidonie alikuwa na mikono ya kunyanyua mafungu ya kitani yaliyolowa maji. Zulma alisema kushikwa na dada yake ni kama kuegemea ukuta.

Lakini Brussels walikuwa na mchezo mwingine. Huko wanashindana wawili wawili, na katika mashindano ya wawili hakuna anayetaka kutangulia. Anayetangulia hukata upepo kwa ajili ya mwenzake, na tena hamwoni. Basi wanakwenda taratibu, wanategeana, wanakwenda taratibu zaidi, mpaka wanasimama kabisa. Wanasimama juu ya magurudumu mawili, miguu imefungwa, wakisukuma pedali mbele kidogo na nyuma kidogo, kila mmoja akingoja mwenzake achoke. Anayeshindwa kusimama anatangulia, na anayetangulia mara nyingi analiwa.

Majira ya baridi yale Zulma alijifunza kusimama ndani ya ghala la kitani. Alipoyumba, Sidonie alimdaka kiti. Alipoyumba tena, akamdaka tena. Ikawa mikono ya Sidonie inakwenda yenyewe kabla kichwa chake hakijaamua.

Ukumbini walikuta mbao. Uwanja mzima ulikuwa wa mbao nyembamba za msonobari, na kona zake zilinyanyuka kama ukuta wa nyumba. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikuwa amekaa mwanamke mwenye nywele nyekundu, anakula samaki wa moshi kwa vidole.

"Nyie ndio watu wa kitani?" alisema kwa Kiflemi kilekile cha kwao. "Nimewanusa toka mko barabarani."

Alikuwa Hortense Lammens wa Roubaix, mpinzani wa kesho. Wazazi wake walitoka kandokando ya Leie, wakavuka mpaka kwenda kutafuta kazi viwandani Ufaransa, na yeye huku alikuja na matusi ya pande zote mbili.

"Na wewe ndiye Hortense?" Zulma akamwambia. "Kwenye bango walikukondesha."

"Walikata bango, mwanangu. Halikutosha." Akalamba vidole. "Na huyu mnara ni nani? Mama yako?"

"Dada yangu. Ndiye anayenishika."

"Mwambie kesho asikuchoshe kwa kukushika sana. Nataka nikukute mzima."

Jumapili mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Waungwana wa kofia ndefu walikuwa chini karibu na mbao. Juu kabisa walikuwa wafanyakazi na chupa zao za bia, na kundi zima lililotoka Kortrijk kwa treni ya asubuhi na ngoma moja. Pargeter alikaa karibu na mwamuzi, mguu juu ya mguu. Wangeshindana mara tatu. Atakayeshinda mara mbili ndiye.

Mara ya kwanza bastola ililia, Sidonie akasukuma, akaachia. Wale wawili wakapanda kona polepole, wakashuka polepole, Zulma mbele, Hortense kwa nyuma. Kisha Zulma akasimama. Hortense naye akasimama. Ukumbi ukanyamaza, na Sidonie, nyuma ya uzio, akasikia mbao zikilia chini ya matairi.

Gurudumu la mbele la Zulma likateleza kidogo kwenda bondeni, upande wa chini wa mbao. Kidogo tu, upana wa kiganja. Mikono ya Sidonie haikungoja. Aliruka uzio kwa sketi zake zote, akakimbia juu ya mbao na viatu vyake vya kijijini vikigonga kama farasi, akadaka kiti cha mdogo wake kwa mikono miwili.

"Nimekushika! Usiogope, nimekushika!"

Kwa pumzi moja hakuna aliyeelewa alichokiona. Kisha ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Mama amekuja kumchukua mtoto!"

"Mpe na maziwa, bibi!"

"Dada!" Zulma alisema kwa meno yaliyobanwa. "Dada, niachie! Tuko kwenye mashindano!"

Sidonie akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya jirani. Mwamuzi akashuka na bendera yake nyeupe, masharubu yanamcheza kwa hasira, akampa Hortense ushindi wa kwanza bila hata kumaliza mzunguko. Kisha akamgeukia Sidonie na mkalimani kando yake.

"Anasema ukikanyaga mbao tena wakati wa mbio, mdogo wako ameshindwa na mashindano yamekwisha."

"Nimesikia."

"Anauliza umeelewa?"

"Mimi si kiziwi. Nimeelewa!"

Kwenye chumba cha nguo Sidonie alilia kwa sauti ya mtu mkubwa asiyezoea kulia. Zulma alikaa akikaza mikanda yake.

"Watasema nilifanya makusudi," Sidonie alisema. "Ili urudi nyumbani."

"Ulifanya makusudi?"

"Hapana!" Akafuta pua. "Kwenye treni niliwaza. Niliwaza ukishindwa, tutarudi wote, tutalala kitanda kimoja kama zamani. Niliwaza tu. Lakini mikono haikuwa na habari hiyo, Zulma. Mikono ilidhani tuko ghalani."

Zulma akaiachia mikanda. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ungejiona ulivyoruka ule uzio! Pargeter angekuchukua wewe."

"Acha upuuzi."

"Twende, ukanishike. Na ukiniachia, niachie kweli."

Mara ya pili Zulma hakumpa Hortense nafasi ya kusimama. Alitoka mikononi mwa Sidonie kama jiwe la kombeo, akaenda moja kwa moja mpaka juu ya kona, akashuka nayo kwa kasi yote. Wa Kortrijk wakapiga ngoma mpaka ngozi ikalegea. Hortense alimfukuza, akamfikia ubavuni, akafika usawa wa goti, akafika usawa wa usukani, lakini mstari ukafika kabla yake. Ikawa mmoja kwa mmoja, na watu wa juu wakaanza kumwaga bia juu ya kofia za waungwana bila kuomba radhi.

Ikaja ya tatu.

Miguu ya Zulma ilikuwa imeshakula mbio ndefu. Sidonie aliihisi ikitetemeka kupitia kiti. Bastola. Akasukuma, akaachia, akarudi nyuma ya uzio, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.

Hortense alijua mwenzake amechoka. Alikwenda taratibu, taratibu, na mbele ya wa Kortrijk akasimama. Zulma akasimama kando yake, juu kidogo ya mteremko. Wakawa karibu kiasi kwamba viwiko vyao vingeweza kusalimiana, na wote waliokuwa karibu na uzio waliyasikia maneno yao.

"Umechoka, mwanangu," Hortense alisema, macho mbele.

"Nimepumzika. Wewe ndiye unayetoa jasho."

"Mimi hutoa jasho hata nikila. Tangulia tu, yaishe, ukawahi treni."

"Treni yangu ni ya London."

"Hiyo nimeshakata tiketi."

"Basi utaiuza."

Hortense akacheka bila kutikisika hata unywele. Juu, mtu akapaza sauti, "Mnafanya mbio au mnauza samaki?" Mwingine akamjibu, "Nyamaza, wanazungumza mahari!" Zulma alisukuma pedali mbele, akairudisha, mbele, akairudisha. Mishipa ya shingo ilimtoka. Hakuna sheria iliyosema watasimama mpaka lini, na hakuna kati yao aliyekusudia kuondoka.

Kisha paja la kulia la Zulma likakakamaa. Sidonie alikuwa wa kwanza kuliona, kwa sababu alilijua paja lile tangu lilipokuwa la mtoto. Usukani ukayumba. Gurudumu la mbele likageuka kuelekea juu, baiskeli ikaanza kurudi nyuma, ikarudi, ikaendelea kurudi, na Zulma akainama upande wa bonde kama mti unaokatwa.

"Anaanguka!" ukumbi ulipiga ukelele.

Mguu wa Sidonie ulikuwa tayari umepanda uzio. Mikono yote ya mwili wake, kama angekuwa na kumi, ilitaka kwenda. Akauma kitambaa chake kwa meno, akajisukuma nyuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akamkalia miguuni muungwana mmoja aliyekuwa nyuma yake.

"Madame!" yule muungwana alilia.

"Nyamaza wewe!" Sidonie akamwambia kwa Kiflemi, na hakumwondokea.

Hortense naye aliona kwa pembe ya jicho kwamba mwenzake anaanguka. Aligeuza kichwa. Na alipogeuza kichwa, baiskeli yake ikasogea mbele, robo ya gurudumu, nusu ya gurudumu, na mteremko ukamvuta. Hakuweza kuirudisha. Zulma alikuwa bado juu ya magurudumu yake, nyuma ya Hortense, ameinama kwa pembe ya kutisha, lakini hajaanguka.

"Mtoto wa shetani!" Hortense aliguta, akakanyaga.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa mbele, na akaenda kwa kila alichokuwa nacho. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Zulma alikuwa ameganda kwenye gurudumu lake la nyuma, amejificha upepo, mgongo umelala. Kona ya kwanza wakaipanda pamoja. Kwenye mnyoosho wa nyuma Hortense akaangalia chini ya kwapa, akamwona, akaongeza. Kona ya mwisho Zulma akapanda juu, juu kabisa hadi karibu na uzio, watu wakarudisha vichwa vyao, na kutoka kule juu akadondoka. Hakuna neno jingine. Alidondoka kama shoka. Sidonie alikuwa amesimama juu ya kiti cha muungwana akipiga mayowe ambayo hayakuwa lugha yoyote. Wakaingia kwenye mstari usukani kwa usukani, wakapita, na ukumbi ukageuka kwa mwamuzi.

Mwamuzi akanyoosha bendera upande wa Zulma. Upana wa tairi, basi.

Sidonie alimdaka alipozunguka na kurudi, na safari hii aliruhusiwa. Wakaanguka wote wawili, pamoja na baiskeli, na wa Kortrijk wakawaangukia juu.

"Ulinitega," Hortense alisema baadaye, usiku wa chaza na viazi vya kukaanga. Alikuja mwenyewe na kiti chake, akakaa bila kualikwa. "Ule mwereka wa kurudi nyuma. Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa naanguka."

"Usinifanye mjinga."

"Nilikuwa naanguka kweli, Hortense! Paja liliniuma, nikasema nimekwisha."

Hortense akamtazama, akamtazama na Sidonie, akapiga meza mpaka maganda ya chaza yakaruka. "Nimeshindwa na mtu anayeanguka! Nileteeni bia."

Watu wanaokumbuka jina la Zulma Vandecasteele hukumbuka mambo ya baadaye: London ambako alishinda majira mazima ya baridi, kumbi za ng'ambo ya Atlantiki, bega lililovunjika na kuungwa na kuvunjika tena, na namna alivyokuwa akisimama juu ya magurudumu mpaka wapinzani wakalia. Mchezo ule wa kurudi nyuma waliuiga wengi, na kila mmoja aliambiwa kwamba ulibuniwa kwa hesabu kali. Zulma hakuwahi kuwasahihisha.

Jumanne asubuhi treni ya kwenda bandari ya Ostend ilikuwa inapumua moshi. Pargeter alikuwa ameshaketi na gazeti lake. Zulma alishika mlango wa behewa, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Njoo nawe. Nitamwambia huyu Mwingereza siwezi kushikwa na mtu mwingine."

"Na baba?"

"Baba ana njiwa."

"Njiwa hawapiki viazi." Sidonie akamwekea mkate kwenye kikapu, akautoa, akaufunga upya vizuri zaidi. "Nenda. Huko watakupa mtu wa kukushika. Mwambie mkanda wa mguu wako wa kulia huchelewa kukazika. Umesikia? Wa kulia."

"Dada, ukifika nyumbani mwambie Padri suruali zimevuka bahari."

"Nitamwambia mbele ya watu."

Filimbi ikalia. Zulma akamkumbatia haraka na kwa nguvu, akaruka ndani, mlango ukafungwa. Behewa likaanza kusogea, na kichwa chake kikachomoza dirishani, nywele zimefumka, uso mwekundu kama wa mtu aliyetoka kwenye mbio.

Sidonie akaanza kutembea sambamba nalo. Kisha akatembea kwa haraka. Kisha akainua sketi zake kwa mikono miwili, akakimbia, na wachukuzi wakampisha.

"Mbio hizo ndizo zako?" Zulma alipiga kelele akicheka na kulia kwa pamoja. "Kanyaga, dada! Kanyaga! Usinipe nafasi!"

"Nakuja!" Sidonie alijibu, pumzi zikimwisha. "Nakuja, mshenzi wewe!"

"Kanyaga!"

Akakimbia mpaka jukwaa likaisha.